Waliulizwa, Wakajibu

Uliza watu kumi pale Wabera Street, kati ya Kenyatta Avenue na City Hall Way, Wabera alikuwa nani. Tisa watakuambia ni mtaa. Wa kumi atakuuliza kama unatafuta mahali pa kupigwa picha za pasipoti. Ni mtaa mfupi wa benki na ofisi, na wengi wetu tunaupita mbio tukiwahi mathree.

Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mborana, DC wa Isiolo, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo huko. Mwishoni mwa Juni 1963, wiki chache tu baada ya Kenya kupata serikali ya madaraka, aliuawa karibu na Modogashe pamoja na chifu Galma Dido. Vita tunavyoviita vya shifta, kwa hesabu ya vitabu, vilikuwa bado. Vitabu huvianzisha mwishoni mwa mwaka huo na kuvimaliza 1967. Wabera alikuwa amezikwa miezi sita kabla ya vita vilivyomuua kupewa jina.

Mimi nadhani hata Juni imechelewa. Tumezoea kusimuliwa habari hii kama habari ya majambazi: watu wa jangwani, ngamia, bunduki, Mogadishu ikiwachochea kutoka nyuma ya pazia. Shuleni nilifundishwa kwa mistari mitatu, na mmoja wa mistari hiyo ulikuwa maana ya neno lenyewe: shifta, neno lililotoka kwa Waamhari, maana yake mnyang'anyi wa njiani. Ukishafundishwa neno hilo huna tena haja ya kuuliza swali lolote. Jambazi hana sababu, ana tabia tu. Lakini ukirudi nyuma mwaka mmoja, miwili, unakuta vita hivi vilipikwa mezani. Vilipikwa na watu wenye tai, waliokuwa wanasema tafadhali na asante, na kosa lao kubwa halikuwa kukataa kitu. Lilikuwa kuuliza swali.

Nianze na ramani, haraka haraka. Kaskazini mwa Kenya ya mkoloni kulikuwa na eneo lililoitwa NFD: Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Ni zaidi ya theluthi moja ya nchi hii. Tangu 1902 lilikuwa eneo lililofungwa. Huingii bila kibali, hutoki bila kibali. Barabara hakuna, shule za kuhesabu kwa vidole. Waingereza walilitaka kama ukuta tu, kati ya Ethiopia na mashamba yao ya huku juu.

Na mpaka wake wa mashariki ulikuwa mchanga kuliko wazee waliokaa karibu nao. Mpaka 1925, Jubaland yote pamoja na Kismayu ilikuwa ndani ya Kenya. Mwaka huo Uingereza ikaikabidhi Italia, malipo ya kuwa upande wake katika Vita Vikuu vya Kwanza. Yaani mzee wa miaka hamsini mwaka 1962 alikuwa ameuona mpaka ukihama kwa macho yake, na hakuna aliyemuuliza alionaje. Likumbuke hilo ukija kusikia wanasiasa wakisema mpaka ni kitu kitakatifu.

Mwaka 1960 Somalia ikapata uhuru, ya Waingereza na ya Waitaliano zikiungana kuwa nchi moja, na bendera yake ilikuwa na nyota yenye ncha tano. Ncha mbili zilikuwa ndani ya jamhuri tayari. Tatu zilikuwa nje: Djibouti ya Wafaransa, Ogaden ya Ethiopia, na NFD. Majirani watatu wakaanza maisha na nchi mpya ambayo bendera yake ilikuwa inawadai.

Sasa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Aprili 1960, hata kabla Somalia haijapata uhuru huo, waziri mkuu wa Uingereza Harold Macmillan alitoa msimamo Bungeni London. Serikali yake, alisema, haiungi mkono wala haitachochea dai lolote la kugusa mipaka ya Kenya, Ethiopia au Somalia ya Wafaransa. Jambo kama hilo lingefikiriwa tu ikiwa serikali na watu wanaohusika wenyewe wangelitaka. Isome tena. Sehemu ya kwanza ni mlango uliofungwa. Sehemu ya pili ni ufunguo ulioachwa mezani, kwa sababu ya neno moja dogo: watu. Serikali *na* watu. Ukiwa Addis Ababa unasoma "serikali" unalala usingizi. Ukiwa Mogadishu au Wajir unasoma "watu", na watu mnao.

Wanadiplomasia husifiwa sana kwa sentensi za namna hii. Wanaziita za kiungwana. Mimi niliacha chuo kabla ya kufika somo la kunifundisha kuzistahi, kwa hivyo naziona tu kama zilivyo: maneno mamoja yaliyouzwa kwa wateja wawili.

Ukafika mkutano wa Lancaster House, mwanzoni mwa 1962. KANU na KADU wako London wanagombana juu ya katiba, na ujumbe wa NFD nao upo, na unachotaka si majimbo wala kiti cha uwaziri. Unataka kuondoka. Waziri wa makoloni wakati huo alikuwa Reginald Maudling. Angeweza kusema hapana pale pale. Ingekuwa chungu, lakini ingeeleweka. Msimamo wa 1960 ulikuwa umeshasomwa Bungeni. Badala yake akawapa tume. Watu wa NFD wataulizwa wanataka nini, matokeo yataletwa, na uamuzi utafanywa kabla ya uhuru.

Hebu fikiria habari hiyo inavyofika Wajir. Kwa miaka sitini serikali imekuambia uombe kibali cha kutembea. Leo serikali hiyo hiyo inatuma watu kukuuliza unataka kuwa nchi gani.

Tume ilikuwa ya watu wawili, Onyiuke, mwanasheria kutoka Nigeria, na Bogert, jenerali kutoka Kanada. Oktoba 1962 walizunguka wilaya zote sita. Walifanya mabaraza, wakapokea wajumbe na barua. Sijaona popote anayedai kwamba walifanya kazi mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza. Walisikiliza kweli. Ripoti yao ikatoka Desemba na haikujificha: Wasomali, karibu wote, wanataka kutoka Kenya na hatimaye kuungana na Somalia, na hao ndio wengi katika eneo lile. Wengine, hasa jamii zisizo za Kiislamu upande wa Marsabit na Moyale, wanataka kubaki Kenya. Waborana wamegawanyika. Yaani kulikuwa na mgongano wa kweli humo ndani, jirani na jirani, na mtu kama Wabera alikuwa amesimama katikati yake kabisa.

Machi 1963, waziri mpya wa makoloni, Duncan Sandys, akiwa hapa Nairobi, akatoa jibu. Wasomali watapewa mkoa wao wenyewe, mkoa wa saba, Kaskazini Mashariki. Ndani ya Kenya.

Machifu wakajiuzulu. Uchaguzi wa Mei ukasusiwa karibu mkoa mzima. Somalia ikavunja uhusiano na Uingereza mwezi huo huo wa Machi.

Najua jibu la wanaotetea uamuzi ule, na si jibu la kipuuzi. KANU na KADU hawakukubaliana hata juu ya hali ya hewa, lakini kwa hili walikuwa kitu kimoja. Ungeiachia NFD, kesho ungeambiwa uachie Mwambao, ule ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar. Kesho kutwa Ethiopia ingewaka Ogaden. Bara zima lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa wakoloni, na kila mtu aliogopa kuvuta uzi mmoja. Sawa. Mimi sina shida na hapana. Shida yangu ni kwamba hapana ilikuwepo tangu 1960, na mwaka 1962 wakatumwa watu wawili wenye heshima zao kwenda kukusanya ndiyo.

Maana ukimwuliza mtu, umemfanyia vitu viwili. Umemwambia sauti yake ina uzito, na umemfanya aitoe mbele ya jirani yake. Kabla ya tume, Msomali wa Garissa na Mborana wa Isiolo wangeweza kuishi na mawazo yao kila mtu kwake. Baada ya tume, kila mtu alijua nani alisema nini barazani. Wale waliosema tunataka Kenya walijulikana. Wale waliosema tunataka Somalia walijulikana pia, na sasa walikuwa na karatasi rasmi, iliyochapishwa na serikali ya Malkia, inayothibitisha kwamba wao ndio wengi. Hakuna mchochezi wa Mogadishu ambaye angeweza kuwaandikia waraka bora kuliko huo.

Tena mwaka ule ule kulikuwa na mfano wa kufanya tofauti. Swali la Mwambao nalo lilikuwa moto. Lakini Oktoba 1963 Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua: mahakama za kadhi zitabaki, dini italindwa, hati za ardhi zitaheshimiwa. Ndiyo, najua, uliza mtu yeyote wa Mombasa kuhusu hizo hati za ardhi na ujiandae kukaa mpaka magharibi. Haikuwa ndoa ya furaha. Ila kulikuwa na kitu kilichotolewa, kimeandikwa, na mtu wa kukidai. Watu wa NFD walipewa jina jipya la mkoa.

Mogadishu nayo haikuwa malaika, na sitaki nionekane kama nimesahau. Kuvunja uhusiano na Uingereza kulishangiliwa mitaani, lakini hebu fikiria hesabu yake: miezi tisa kabla ya uhuru wa Kenya, nchi pekee yenye mamlaka ya kisheria juu ya NFD ni Uingereza, na wewe ndiyo umefunga ubalozi. Mei 1963, pale Addis Ababa, viongozi wa Afrika walipokusanyika kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Rais Aden Abdulle Osman alisimama na kulileta dai la ardhi katikati ya sherehe, ndani ya nyumba ya Haile Selassie. Alikuwa na haki ya kulisema. Lakini alitoka pale akiwa na marafiki wachache kuliko alioingia nao. Halafu kuna redio. Radio Mogadishu ilirusha matangazo kwa Kiswahili kuja huku kwetu, na Nairobi nayo ikajibu kwa Kisomali. Vita vya maneno vilikuwa na masafa yake kabla ya vile vya risasi. Novemba, Somalia ikakubali msaada wa kijeshi wa Urusi, na kuanzia hapo London, Washington na Addis zikaacha kuona wafugaji; zikaona Wakomunisti.

Na Nairobi? Nairobi ilijifungia ndani. Kenyatta alikwenda Mogadishu Julai 1962 na msimamo wake ulikuwa wazi: NFD ni jambo la ndani la Kenya. Baadaye, 1963, Kenya na Ethiopia zikaandikiana mkataba wa ulinzi, kuilenga Somalia bila kuitaja. Mwezi Agosti pande zote zilikutana Roma, nafasi ya mwisho kabla ya uhuru. Somalia ilitaka NFD iwekwe chini ya uangalizi wa pamoja au wa Umoja wa Mataifa kwa muda. Upande wa Kenya, ukiwa umekaa ndani ya ujumbe wa Uingereza, ukasema subirini tupate uhuru tutaongea kama Waafrika. Siku chache, wakatawanyika. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba. Kabla mwezi haujaisha, Kaskazini Mashariki ilikuwa chini ya hali ya hatari. Yale mazungumzo ya kama Waafrika yakaanza kwa bunduki.

Kangemi, kwenye ploti ninakoishi, kuna mzee aliyekuwa katika Kenya Rifles, jeshi letu lilipokuwa bado linanukia rangi ya KAR. Ana zaidi ya miaka themanini na huwa anaota jua karibu na bomba la maji kila asubuhi, akihesabu nani ameamka na nani bado. Mimi huandikia nje maana ndani hakuna taa mchana, kwa hivyo tukazoeana. Nilipoanza kusoma habari hizi nikamuuliza.

"Mzee, mliambiwa mnaenda kufanya nini kule?"

"Kutafuta shifta."

"Na shifta mlimjuaje?"

"Ni mtu mwenye bunduki." Akanyamaza, akavuta blanketi. "Na kama hana bunduki, ameificha."

Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anarudia alichofundishwa. Anakumbuka zaidi kiu kuliko risasi. Anakumbuka kulinda visima upande wa Wajir, kwamba mwenye kisima ndiye mwenye watu, na kwamba wakubwa walilijua hilo mapema. Anakumbuka ngamia waliokusanywa wakahesabiwa wakaondoka na malori, asijue wanaenda wapi. Watu walihamishwa wakawekwa ndani ya vijiji vyenye ulinzi; hiyo ilikuwa 1966, na waliouona Mau Mau walijua wanaangalia nini. Kuna kitu anasema alipopewa zamu ya kuhoji, maana alikuwa na Kiswahili kizuri. Mzee mmoja wa Kisomali, baada ya kuulizwa jina na ukoo na mifugo, alimwambia: "Kijana, mimi nilishajibu. Umekuja kuuliza nini tena?"

Mzee wangu alidhani anazungumzia doria ya wiki iliyopita. Huenda ndivyo ilivyokuwa, kule watu walihojiwa kila mara. Nilimsimulia habari ya tume, ya Mnaijeria na Mkanada na mabaraza yao. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akaniuliza, "Hiyo ilikuwa mwaka gani?" Nikamwambia sitini na mbili. "Sisi hatukuambiwa," akasema. "Sisi tuliambiwa ni wezi wa ng'ombe."

Miaka minne ya vita, halafu wanadiplomasia wakarudi mezani kumaliza walichokianzisha. Nyerere alijaribu Arusha mwishoni mwa 1965, ikashindikana. Mwaka uliofuata Kenya ikakata biashara na Somalia. Kilichobadilika ni mtu: Julai 1967 Mohamed Egal akawa waziri mkuu Mogadishu, mtu wa hesabu, aliyeona kwamba nyota yenye ncha tano inaila nchi yenye ncha mbili. Septemba, kwenye mkutano wa viongozi wa Afrika Kinshasa, Kenneth Kaunda akakubali kuwa mpatanishi. Tarehe 28 Oktoba 1967, Arusha tena, Kenyatta na Egal wakatia sahihi. Ukiwa tao leo, Kaunda Street inakatana na Wabera Street, hatua chache kutoka Mama Ngina. Aliyekufa vita vikianza na aliyevimaliza wanakutana kwenye taa za barabarani, na sidhani kama aliyebandika vibao alikusudia.

Nimeisoma orodha ya yale waliyokubaliana mara nyingi. Kuheshimiana mipaka na mamlaka. Kurudisha uhusiano wa kibalozi. Kuzima propaganda za redio. Kufungua biashara. Na kuondoa kidogo kidogo sheria za hali ya hatari mpakani. Kwa pande mbili zilizotia sahihi, mkataba huo ulifanya kazi. Kenya na Somalia hazijapigana vita vya wazi, jeshi kwa jeshi, tangu siku hiyo, hata 1977 Somalia ilipoivamia Ethiopia. Nampa Kaunda heshima yake yote. Lakini tafuta humo sauti ya wale walioulizwa 1962. Hawakuwa na kiti Arusha. Ile hali ya hatari iliyokuwa iondolewe kidogo kidogo iliondolewa 1991. Mwaka 1970 Bunge letu lilipitisha sheria ya kuwakinga askari na maafisa wasishtakiwe kwa waliyoyafanya kule. Wagalla ilikuja Februari 1984, uwanja wa ndege, Wajir, wanaume waliokusanywa juani kwa siku kadhaa. Idadi ya waliokufa mpaka leo serikali na familia hazikubaliani. Askari wa Wagalla walikuwa watoto wadogo wakati wa tume. Lakini swali walilobeba lilikuwa lile lile la mzee wangu: bunduki umeificha wapi?

Nina rafiki aliyezaliwa Pangani, akasoma huku Westlands, ambaye hajawahi kuvuka Garissa. Alipoenda kuchukua kitambulisho, mimi nilipewa fomu, yeye akapewa kamati. Wazee wakamkalisha wakamuuliza ukoo, kijiji cha babu, jina la chifu wa wakati huo. Mtoto wa Pangani! Alijibu yote, maana nyumbani kwao watoto hufundishwa majibu hayo mapema, kama wengine tunavyofundishwa namba ya simu ya mama. Ilimchukua miezi. Mimi niliweka kidole cha wino nikaenda kula chipo.

Ndiyo maana naona vibaya watu wakisema mambo ya ubalozi ni ya wakubwa, hayatuhusu. Desemba 2020 Uhuru Kenyatta alimkaribisha Ikulu Muse Bihi, rais wa Somaliland, ambayo Mogadishu inaihesabu kuwa sehemu yake. Picha, mikono, tabasamu. Kesho yake Somalia ikavunja uhusiano, na ikachukua miezi kadhaa na msaada wa Qatar kuurudisha. Si kwamba Somaliland haistahili kusikilizwa. Ila mtu fulani ofisini alifikiri mkono ni mkono tu. Desemba 2023, kwenye hoteli moja ya hapa hapa tao, Corneille Nangaa alizindua muungano wa kisiasa na kijeshi pamoja na M23, Kinshasa ikamwita balozi wake nyumbani, na jibu la Nairobi likawa kwamba hii ni nchi huru, watu wanaongea. Mwanzoni mwa 2025 watu wa muungano huo walikuwa ndani ya Goma na bunduki. Sisemi hoteli iliteka Goma. Kigali na Kinshasa zina mengi ya kujibu kabla ya sisi. Lakini aliyekopeshwa ukumbi alijua anakopeshwa nini, na nchi iliyokuwa mpatanishi wa mgogoro huo huo ilijifanya ni mwenye ukumbi tu. Ni sentensi ya Macmillan tena: mlango umefungwa kwa huyu, ufunguo umeachiwa yule, na kila mmoja anatoka akiamini amesikia ahadi.

Februari 2025 ilinikuta nafuatilia habari kwenye simu kuliko kufanya kazi iliyokuwa inanilipa. Mwanzoni mwa mwezi Rais Ruto alikuwa Wajir akitangaza kwamba ule msako wa ziada wa vitambulisho, zile kamati, umekwisha. Rafiki yangu alinitumia video bila neno lolote. Wiki mbili hivi baadaye KICC ikafungua milango kwa RSF na washirika wake, jeshi la wanamgambo linalopigana na jeshi la Sudan, wakapange serikali yao. Tena tuliambiwa ni mazungumzo tu. Khartoum ikamwita balozi wake, na Machi ikafunga mlango kwa bidhaa za Kenya, chai ikiwemo, na Sudan ni mnunuzi wa siku nyingi wa chai yetu.

Steji ya Kangemi, mathree za Limuru husimama kuteremsha akina mama wenye magunia ya mboga, na baadhi yao wana viplot vya majani chai huko juu Tigoni. Wiki ile mmoja alikuwa anauliza makanga kama ni kweli Waarabu wamekataa chai, na kwa nini. Makanga akamwambia ni mambo ya serikali, mathe, lete fea.